Kuona Mwezi Bila Hofu: Mwongozo Kamili kwa Msichana wa Bukavu

Jua linawaka, lakini msichana amefunga sweta kiunoni na anapanda kilima cha Kadutu akibana magoti. Mama yeyote wa Bukavu akimwona anajua kilichompata. Wengi wetu tuliwahi kuwa msichana huyo.

Mimi mwezi wa kwanza ulinikuta na miaka 13, nikitoka kuchota maji, bidoni ya lita 20 mgongoni. Nilidhani nimejikata mahali. Bibi yangu alinipa kipande cha kikwembe kikuukuu na maneno machache tu: "Kuanzia leo usicheze tena na wavulana." Hakuongeza kitu. Mwaka mzima nilikimbia kila mpira uliodondoka karibu nami, nikiamini kwamba mvulana akinigusa mkono nitapata mimba. Leo ni muuguzi, na kwa zaidi ya miaka 20 nimepokea wasichana wenye hofu ileile. Ndiyo maana nakuandikia wewe, mdogo wangu, maneno ambayo bibi yangu hakuwa nayo. Soma yote mara moja, kisha urudie hatua unayoihitaji.

Hatua ya 1: Jua kinachokuja kabla hakijafika

Mwili hautoi damu ghafla bila taarifa. Kwanza matiti huanza kuchomoza, mara nyingi kama miaka miwili kabla ya damu ya kwanza. Nywele za kinena na kwapa hufuata. Miezi michache kabla ya mwezi wa kwanza utaona ute mweupe au usio na rangi kwenye chupi. Huo ni ute wa kawaida, hauhitaji dawa yoyote. Ukiuona, anza kuandaa vifaa vyako.

Wasichana wengi huanza kati ya miaka 10 na 15. Rafiki yako akianza akiwa na 11 na wewe una 14 bado, hakuna aliyemtangulia mwenzake kwa uzuri wala kwa ubaya. Ila kama umefika miaka 13 na matiti hayajaanza kabisa, au umetimiza 15 bila kuona damu, mwambie mama akupeleke kwa daktari akuangalie. Sababu nyingi zinatibika.

Na damu yenyewe inatoka wapi? Kila mwezi nyumba ya mtoto (mfuko wa uzazi) hujitandikia ndani utando laini wenye damu, kama mtu anayetandika kitanda akimsubiri mgeni. Mimba isipoingia, utando unamomonyoka na kutoka pole pole kwa siku 2 hadi 7. Hiyo si damu chafu. Ni damu ileile iliyoko mkononi mwako, imechanganyika na vipande vya utando, ndiyo maana wakati mwingine ina rangi ya kahawia au mabonge madogo. Ukiitazama unaweza kudhani umepoteza chupa nzima, lakini kwa kawaida siku zote zikijumlishwa ni vijiko viwili au vitatu vya chakula.

Hatua ya 2: Tafuta daftari

Ukiniuliza kati ya hatua zote hizi ipi nisingekubali uiruke, ni hii. Msichana anayehesabu siku zake hashtukizwi darasani, na akifika kwa daktari hajibu "sijui" kwa kila swali. Daftari lake linasema kwa niaba yake.

Kurasa za mwisho za daftari la shule zinatosha. Kama unaogopa kaka zako watasoma, weka nukta ndogo tu kwenye kona ya kalenda. Siku damu inapoanza ni siku ya 1. Andika tarehe hiyo. Kila siku ya damu andika umebadilisha pedi mara ngapi, na maumivu yako kwa namba: 0 hakuna, 1 kidogo, 2 yanasumbua lakini natembea, 3 nimelala siwezi kuamka. Damu ikikatika, andika tena.

Mzunguko huhesabiwa kutoka siku ya 1 hadi siku moja kabla ya damu inayofuata kuanza. Tuseme umeanza tarehe 3 Machi, kisha 5 Aprili: hizo ni siku 33. Kisha ukaanza 1 Mei: siku 26. Kisha 9 Juni: siku 39. Wasichana wengi wakiona hesabu inayorukaruka hivyo wanakuja kwangu wakilia kwamba wamerogwa au wana ugonjwa. Hapana. Miaka miwili mitatu ya mwanzo, mzunguko wowote kati ya siku 21 na 45 ni wa kawaida, kwa sababu ubongo na vifuko vya mayai bado vinajifunza kusikilizana.

Kwa sababu hiyohiyo, usimwamini mtu anayekwambia kuna "siku salama" ambazo huwezi kupata mimba. Kwa msichana ambaye siku zake hazijatulia, hesabu hiyo inadanganya. Daftari ni la kukujulisha hali ya mwili wako. Halizuii mimba.

Hatua ya 3: Chagua kitu cha kuvaa, na ujue kukitunza

Pedi za dukani ni rahisi kutumia, lakini fanya hesabu kabla hujazitegemea. Ukibadilisha mara nne kwa siku, kwa siku tano unahitaji 20, yaani pakiti mbili au zaidi kila mwezi. Katika nyumba yenye wasichana watatu hiyo ni pesa ya unga. Ndiyo maana wengi huvaa pedi moja kutwa nzima ili isiishe, na hapo ndipo vidonda na harufu vinapoanza. Kwa maoni yangu, msichana wa hapa kwetu awe na za kitambaa kwa nyumbani na usiku, na pakiti moja ya dukani kwa shule na safari.

Pedi ya kitambaa unaishona mwenyewe kwa sindano na uzi. Tafuta pamba halisi: taulo kuukuu, fulana ya mitumba, kikwembe cha zamani kilicholainika. Vitambaa vya nailoni vinavyong'aa havinyonyi maji na vinachoma ngozi, viache. Kata vipande vyenye urefu wa sentimita 25 hivi na upana wa sentimita 8 katikati. Panga tabaka nne, la taulo likae ndani. Kila upande wa katikati uache bawa la kukunja chini ya chupi, na ushone kifungo bawa moja, tundu bawa la pili, ili pedi isikimbie ukitembea. Shona sita hadi nane: mbili mwilini na kwenye mfuko, mbili zinafuliwa, zingine zinakauka.

Kufua kuna utaratibu wake. Loweka kwanza kwenye maji baridi nusu saa. Maji ya moto yakitangulia, doa linaganda na halitoki tena. Mwaga maji hayo chooni, kisha fua kwa sabuni ya kipande, sugua, suuza hadi maji yatoke meupe. Siku Regideso, kampuni ya maji, imekata maji, usiruke suuzo la mwisho kwa kubania bidoni. Sabuni iliyobaki kwenye kitambaa ndiyo inayowasha.

Kukausha sasa, na hapa ndipo tunapokosea wengi. Jua linaua vijidudu. Chini ya godoro, kwenye giza na unyevu, vinazaliana. Najua kwa nini mnaficha: mnaogopa wavulana wa uani wataona, na kuna majirani wanaosema damu ya msichana ikionekana mtu ataichukua kumroga. Sitakubishia mbele ya majirani. Anika pedi zako kwenye kamba juani, na juu yake tandaza kikwembe chepesi kinachopitisha hewa. Mpita njia ataona kikwembe. Kuanzia Septemba hadi Mei, mvua ikinyesha karibu kila siku, kitambaa kinaweza kukaa siku mbili kibichi. Hapo tumia pasi ya makala (makaa): piga pasi pande zote mbili hadi kitambaa kiwe kikavu kabisa na cha moto. Kibichi usivae, hata kama ndicho pekee. Afadhali kunja kipande kingine kikavu cha pamba.

Pedi ya dukani iliyotumika ifunge kwenye karatasi, uitupe panapokusanywa takataka au uichome na taka zingine. Isitupwe kwenye mfereji. Ndani yake kuna plastiki, na mji wetu uko kwenye miteremko: kinachotupwa juu kwenye kilima, mvua inakipeleka ziwani, na kutoka ziwani kinafika mto Ruzizi, ambako plastiki inakwamisha mashine za umeme. Usiitupe pia kwenye choo cha kuvuta maji, kitaziba.

Hatua ya 4: Jioshe, lakini usizidishe

Siku za damu jioshe asubuhi na jioni, na katikati kama maji yapo. Jagi moja la maji safi linatosha. Osha sehemu ya nje tu, kwa maji, na sabuni kidogo kwenye nywele na mapajani kama unaitaka. Ndani ya uke usiingize kidole wala sabuni. Uke unajisafisha wenyewe, na vijidudu vyema vilivyomo ndani ndivyo walinzi wake. Kila unapoviosha unawafukuza walinzi na kuwafungulia wezi mlango.

Nimeona wasichana waliojiwekea limau, chumvi, dawa ya meno, majani yaliyosagwa, kwa ushauri wa wakubwa wanaowapenda kweli. Wanakuja wakiwa na vidonda. Shangazi akikwambia uweke kitu, msikilize kwa heshima, mshukuru, na usikiweke.

Ukitoka chooni jipanguse kutoka mbele kwenda nyuma. Pedi ibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, hata kama damu ni kidogo. Usiku unaweza kukaa nayo hadi muda wa saa 8. Nawa mikono kabla na baada.

Neno moja kuhusu "enfeksio". Hapa kwetu kila ute, kila muwasho, kila maumivu ya tumbo hupewa jina hilo, na msichana anarudi nyumbani na mfuko wa vidonge vya antibiotiki asivyovihitaji. Vidonge hivyo huua wale walinzi niliowataja, na muwasho unaanza kweli. Ute mweupe au kama ute wa yai, usiowasha wala kunuka, ni afya. Tafuta matibabu ukiwa mzito kama maziwa yaliyoganda na unawasha, ukiwa wa njano au kijani, ukinuka kama samaki, au mkojo ukikuchoma. Na dai wakupime kwanza kabla ya kukuandikia dawa.

Hatua ya 5: Panga mfuko wa shule usiku

Chukua mfuko mdogo wa kitambaa. Tia ndani pedi mbili, chupi moja, mfuko wa plastiki wa kubebea kilichochafuka, kitambaa kidogo na kichupa cha maji, maana vyoo vingi vya shule havina bomba linalotoa. Mfuko huo ukae ndani ya begi mwezi mzima, kwa kuwa siku za mwanzo hazina adabu ya kufika kwa tarehe.

Badilisha kabla ya kutoka nyumbani na tena wakati wa mapumziko. Chagua mapema mwalimu mmoja mwanamke unayeweza kumnong'oneza. Sketi yetu ya bluu inaficha mengi. Doa likitokea, geuza sketi mbele iwe nyuma, funga sweta, na baadaye loweka kwa maji baridi. Na usikose shule kwa ajili ya damu peke yake. Siku mbili kila mwezi ni zaidi ya wiki tatu za masomo kwa mwaka, na mtihani wa taifa hautakuuliza ulikuwa wapi.

Kucheza mpira, kukimbia, kubeba maji, kupika, kuingia kanisani au msikitini kwa namna dini yako inavyoruhusu: damu haikukatazi kwa afya. Sombe (majani ya muhogo) haliharibiki kwa kupikwa na msichana aliye mwezini.

Hatua ya 6: Tibu maumivu mapema

Nyumba ya mtoto ni msuli. Ili kutoa ule utando, hutengeneza kemikali ziitwazo prostaglandini ambazo huufanya msuli ujikaze. Zikiwa nyingi msuli unabana sana, na wewe unasikia tumbo la chini linakatika, mgongo unauma, mapaja yanachoka, pengine unaharisha au kutapika. Kwa hiyo maumivu haya ni ya kweli. Mtu asikwambie unajidekeza.

Anza na joto. Jaza chupa maji ya moto yasiyochemka (chupa ya plastiki hulegea kwa maji yanayochemka na itakuunguza), funga kizibo vizuri, izungushie kikwembe, uiweke tumboni chini ya kitovu dakika 20. Joto linalegeza msuli. Tembea kidogo pia, hata kama mwili unataka kujikunja. Kutembea polepole kunasaidia kuliko kulala siku nzima. Chai ya tangawizi wengine huwatuliza, na haina ubaya.

Ikiwa namba kwenye daftari lako ni 2 au 3, dawa inayofaa zaidi ni ibuprofeni, kwa sababu inazuia zile prostaglandini zisitengenezwe. Wengi huimeza wakiwa wamechelewa, baada ya kulia saa tatu, kisha wanasema haifanyi kazi. Imeze dalili za kwanza zinapoanza, baada ya kula. Kwa msichana wa miaka 12 na zaidi mwenye kilo 40 au zaidi: miligramu 200 hadi 400, unaweza kurudia saa 8 zikipita, isizidi mara tatu kwa siku, kwa siku mbili au tatu tu. Usiimeze kama una vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayochochewa na dawa za aina hiyo, au kama kuna uwezekano wa mimba. Hapo tumia paracetamoli ya miligramu 500, kidonge kimoja kila baada ya saa 6, isizidi mara nne kwa siku. Aspirini isitumiwe na aliye chini ya miaka 16.

Nunua kwenye famasia, kidonge kikiwa ndani ya karatasi yake yenye jina na tarehe ya mwisho. Vidonge vya rangi mbili vinavyouzwa kimoja kimoja kwenye sinia sokoni hujui ni nini. Antibiotiki haiondoi maumivu ya mwezi hata kidogo.

Ikiwa umemeza ibuprofeni ipasavyo miezi mitatu mfululizo na bado unakosa shule, au unaumia hata siku zisizo za damu, nenda kwa daktari na daftari lako. Kuna ugonjwa uitwao endometriosi, ambapo utando unaofanana na ule wa nyumba ya mtoto huota nje yake, na wanawake wengi huteseka miaka kabla haujatambuliwa kwa kuwa kila mtu aliwaambia wavumilie.

Hatua ya 7: Rudisha damu unayoipoteza

Damu inaondoka na madini ya chuma, na wewe bado unakua. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 hivi za chuma kila siku, zaidi ya kaka yake wa umri huohuo. Lakini mezani mara nyingi kaka ndiye anayepewa kipande kikubwa. Mama zangu mnaosoma, lifikirieni hilo jioni mkipakua.

Huhitaji nyama kila siku. Maharage, sombe, lengalenga (mchicha) na dagaa vina chuma. Sambaza, samaki wetu wadogo wa ziwa Kivu, ukiwala wazima, na vichwa na mifupa, wanakupa pia kalisi ya mifupa yako. Maini mara moja moja, pesa ikiruhusu. Tatizo la chuma cha mimea ni kwamba mwili unakishika kidogo. Kukisaidia, kula kitu chenye vitamini C pamoja nacho: kamulia limau kwenye maharage, au kula pera, chungwa au nyanya mbichi. Chai na kahawa hufanya kinyume, hukizuia chuma kisiingie. Kwa hiyo chai isinywewe na chakula. Subiri saa moja.

Utajuaje kama damu imepungua? Kilima chako kitakwambia. Kama mwaka jana ulipanda kutoka sokoni hadi nyumbani bila kusimama, na sasa unasimama mara tatu moyo ukidunda, sikiliza. Vuta kope la chini mbele ya kioo: ndani panatakiwa pawe pekundu. Kizunguzungu ukiinuka, kichwa kuuma, usingizi darasani, na hamu ya kula udongo. Hamu hiyo si uchawi wala tabia mbaya. Mara nyingi ni dalili ya kukosa chuma, na udongo wenyewe unazidisha tatizo na huweza kukupa minyoo.

Kipimo ni tone la damu la kidoleni. Kwa msichana asiye mjamzito, hemoglobini chini ya gramu 12 kwa desilita ni upungufu. Ila kiwango hicho kimewekwa kwa watu wa tambarare. Bukavu iko karibu mita 1,500 juu ya bahari, na mwili wa watu wa milimani hutengeneza damu zaidi, kwa hiyo kwetu hata 12 inaweza kuwa ndogo. Mwulize anayekupima kama amelizingatia hilo.

Shirika la Afya Duniani linapendekeza, mahali ambapo upungufu wa damu umeenea, wasichana walioanza kuona mwezi wapewe kidonge kimoja kwa wiki chenye miligramu 60 za chuma pamoja na asidi ya foliki. Uliza kituo chako cha afya. Kidonge kitafanya choo kiwe cheusi, usiogope. Lakini usijimezeshe chuma kila siku bila kupimwa, hasa kama kwenu kuna ugonjwa wa selimundu, ule tunaouita SS, kwani upungufu wake wa damu una chanzo kingine. Lala ndani ya chandarua kila usiku, kwa maana malaria huvunja chembe za damu, na vaa viatu uendapo chooni na shambani, kwa kuwa kuna minyoo inayopenya kwenye nyayo na kunyonya damu utumboni. Dawa ya minyoo ni kidonge kimoja, na vituo vya afya wanayo.

Hatua ya 8: Ujue wakati wa kukimbia hospitali

Nenda siku hiyohiyo kama pedi inalowa kabisa kwa saa moja, na hali hiyo inaendelea saa mbili au zaidi, au damu ikija na kizunguzungu cha kuanguka. Vilevile ukiwa na homa na maumivu makali ya tumbo la chini, au ukikosa mwezi kisha upate maumivu makali ya upande mmoja.

Nenda wiki hiyo kama damu imepita siku 7, kama mabonge ya damu ni makubwa kuliko sentimita mbili na nusu, au kama mwezi umepotea siku 90. Msichana anayetoka damu nyingi tangu mwezi wake wa kwanza kabisa, na fizi au pua zake hutoka damu kwa urahisi, apimwe kama damu yake inaganda vizuri.

Hatua ya 9: Kama kuna jambo lilifanyika

Naandika hili kwa sababu naishi Bukavu, na najua yanayowapata wasichana hapa. Mwezi ukikawia na ulilala na mwanaume, kipimo cha mkojo kinajibu kwa dakika chache. Usinywe majani wala vidonge vya kutoa mimba kwa siri, wasichana wanakufa kwa hivyo.

Na kama ulilazimishwa, na yeyote, awe askari, mwalimu, mjomba au rafiki, kosa si lako, hata kama ulikwenda mwenyewe kumtembelea. Saa zina thamani. Ndani ya saa 72 unaweza kupewa dawa za kuzuia virusi vya ukimwi, na kadiri unavyowahi ndivyo zinavyofanya kazi. Ndani ya siku 5 unaweza kupewa dawa ya kuzuia mimba isishike. Ukiweza, usioge kwanza, na nguo ulizovaa zitie kwenye mfuko wa karatasi uende nazo. Umeshaoga? Nenda hivyohivyo. Siku tano zimepita, au miaka mitano? Nenda bado. Hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999 na daktari Denis Mukwege aliyepata tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018, iko hapahapa mjini na hupokea wasichana kama wewe. Kama barabara ya Panzi si salama siku hiyo, anza na kituo cha afya kilicho karibu, mradi saa zisipite.

Mtu akija nyumbani kukuposa una miaka 15, sheria ya nchi yetu, Kongo, ya tarehe 10 Januari 2009 ya kumlinda mtoto inakataza ndoa chini ya miaka 18.

Hatua ya 10: Mwambie mtu mzima mmoja

Maneno yakikosekana, tumia haya. Subiri mama akiwa peke yake, pengine anachambua maharage, kaa karibu, msaidie. "Mama, nina neno. Nimeanza kuona mwezi." Nyamaza. Kama atasema "Nimesikia" tu na kuendelea na maharage, ongeza: "Nahitaji pedi na chupi mbili, na nataka unifundishe kufua." Ombi lenye idadi linajibiwa haraka kuliko malalamiko.

Kama mama hayupo, nenda kwa shangazi, mama mdogo, au mke wa kaka. Na kama uliyebaki naye ni baba peke yake, mwambie pia. "Papa, naomba pesa ya vifaa vya wasichana, vya kila mwezi." Hatauliza zaidi ya hapo. Nimewaona baba wengi wakisimama nje ya famasia, hawajui jina la kitu walichotumwa, wameshika mkononi kipande cha karatasi alichowaandikia binti yao. Mwandikie baba yako karatasi hiyo: aina, idadi ya pakiti, na tarehe unayozihitaji, uliyoipata kwenye daftari lako.